Kutoka Lyon hadi Guangzhou kwa jua na pedeli

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni katika kipindi cha juma lililopita. Tunayachapa kama yalivyotangazwa.)

Ndugu wasikilizaji, leo sina habari ya Bunge wala ya bei ya sukari. Nataka tuzungumzie baiskeli. Najua wapo watakaosema mtangazaji ameishiwa, lakini naomba mnivumilie kidogo, maana baiskeli ninayoikusudia si ile ya kubebea mkaa kutoka Kisarawe. Ni baiskeli yenye mota, yenye betri, na juu yake imewekwa paa la paneli za umeme wa jua. Na watu wameiendesha kutoka Ulaya mpaka mwisho wa bara la Asia bila kununua hata lita moja ya petroli.

Mwaka 2010 Mfaransa mmoja aitwaye Florian Bailly alitoka kwao Ufaransa akaelekea mashariki kwa baiskeli ya namna hiyo, akafika Japani baada ya kusafiri karibu kilomita 10,000. Aliporudi hakukaa kimya. Alianzisha msafara unaoitwa Sun Trip, yaani safari ya jua, na mwaka 2013 wa kwanza wakaondoka mji wa Chambéry kwenda Astana, mji mkuu wa Kazakistani. Kwa wasioijua, Kazakistani ni nchi yenye ukubwa wa karibu mara tatu ya Tanzania yetu, na sehemu kubwa yake ni mbuga tupu, upepo, na barabara iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Mwaka 2015 wakaenda kutoka Milan hadi Antalya kule Uturuki na kurudi. Mwaka 2018 ndipo walipofanya jambo lililonifanya niketi vizuri kitini. Waliondoka Lyon mwezi Juni kwenda Guangzhou, Uchina. Naam, Guangzhou ile ile wanayokwenda wafanyabiashara wetu wa Kariakoo kuchukua mzigo. Wa kwanza kufika alikuwa Mbelgiji, Raf Van Hulle, na alitumia siku 49.

Hebu pigeni hesabu wenyewe. Njia hiyo, kila mmoja akichagua barabara yake, inapita kilomita 10,000. Ukigawa kwa siku 49 unapata zaidi ya kilomita 200 kila siku, jua liwake lisiwake, mlima uwepo usiwepo. Mtu mwenye miguu ya chuma anaweza kwenda kilomita 200 kwa siku moja kwa baiskeli ya kawaida. Anaweza kurudia kesho yake. Keshokutwa magoti yatazungumza.

Sasa baadhi yenu mtauliza, je, ni mota inayokwenda au ni mtu? Swali zuri, na jibu lake ni vyote viwili. Baiskeli hizi zina pedeli, na mwendeshaji hunyonga kutwa nzima. Mtu wa kawaida mwenye afya, akinyonga bila kujiua, hutoa nguvu kama wati 100 hivi, na anaweza kufanya hivyo kwa saa kadhaa. Mota inaongeza juu yake. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba hawa wamekaa wakinywa soda huku jua likiwasukuma. Wengi hutumia baiskeli ya kuegemea, ambayo unakaa kama kwenye kiti cha uvivu na miguu imetangulia mbele. Mimi mara ya kwanza kuona picha yake nilidhani ni kiti cha mgonjwa.

Nadhani njia nyepesi ya kuelewa jambo hili ni kutumia kitu ambacho kila nyumba yenye umeme Tanzania inakijua, yaani yuniti ya LUKU. Yuniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Pasi ya umeme ya wati 1,000 ukiiacha inawaka saa nzima unapiga nguo za harusi, imekula yuniti moja. Baiskeli ya umeme yenye mzigo wa safari, mwendeshaji akiwa anasaidia kwa miguu, hutumia kati ya wati-saa 8 na 12 kwa kila kilomita katika njia tambarare. Tuseme 10. Maana yake yuniti moja inakuchukua kilomita 100. Kwa lugha nyingine, umeme uliopigia pasi suti ya bwana harusi pale Magomeni ungeweza kumfikisha mtu karibu na Chalinze. Na kwa bei ya kawaida ya nyumbani, yuniti hiyo haifiki shilingi 400.

Pikipiki ya petroli, ile ya bodaboda, inakula lita mbili hadi tatu kwa kilomita 100. Lita moja ya petroli ina nishati inayokaribia yuniti tisa. Kwa hiyo pikipiki inateketeza nishati zaidi ya mara ishirini kuliko baiskeli hii kwa umbali ule ule, na sehemu kubwa ya nishati hiyo inaishia kuwa joto la injini linalokuunguza mguu. Ni kweli pikipiki inabeba zaidi na inakwenda kasi zaidi, sitaki kuionea. Lakini tofauti ya mara ishirini si kitu kidogo.

Basi tukishajua kwamba kilomita 100 ni yuniti moja, swali linalobaki ni je, paneli inaweza kutoa yuniti moja kwa siku? Jua la mchana likiwa kali na mbingu safi, linamwaga kama wati 1,000 juu ya kila mita moja ya mraba. Paneli nzuri za siku hizi zinageuza kama moja ya tano ya nguvu hiyo kuwa umeme. Mita moja ya mraba, wati 200. Ukiweka paa la mita moja na nusu juu ya baiskeli, au ukalivuta nyuma kwa tela, una wati 300. Kwa siku njema, ukishatoa hasara ya vumbi, ya joto, ya waya na ya jua kuwa chini asubuhi na jioni, unabaki na kama wati-saa 1,200. Hizo ni kilomita 120 za jua. Ziada inatoka kwenye miguu, na kwenye barabara iliyo laini.

Napenda nikae kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo wanaouza na wanaonunua paneli mitaani kwetu wanapopishana. Kama mita moja ya mraba ni wati 200 kwa paneli iliyo bora, basi paneli ya wati 100 lazima iwe na ukubwa wa nusu mita ya mraba, haiwezi kuwa ndogo kuliko hapo kwa kiasi cha maana. Ukiona dukani paneli yenye lebo ya wati 100 na ukubwa wake ni kama sinia la pilau, usibishane na muuzaji, toka nenda zako. Beba futi kamba ya fundi cherehani, pima urefu na upana, zidisha. Lebo inaweza kusema uongo, lakini kipimo cha eneo hakina lugha mbili.

Wasafiri hawa wa Sun Trip wanayajua mambo ya paneli kuliko wengi wetu, kwa sababu wao wakikosea wanalala njiani. Wanajua, kwa mfano, kwamba paneli haipendi joto. Watu wengi wanadhani jua likiwa na joto zaidi ndiyo umeme unakuwa mwingi. La hasha. Paneli inataka mwanga. Kila nyuzi moja ya joto inapozidi 25, paneli inapoteza kama theluthi moja ya asilimia moja, na pengine zaidi kidogo. Paneli iliyokaa juani ikafika nyuzi 65, jambo la kawaida kabisa Dodoma mchana, imeshapoteza karibu asilimia 14 ya nguvu zake. Baiskeli inayotembea ina nafuu, kwa sababu upepo unaipoza. Aliyesimama kituoni anapata umeme pungufu kuliko anayekwenda, ilhali anayekwenda anautumia. Ndiyo maisha.

Jambo la pili ni kivuli. Vipande vidogo vidogo vya paneli vimeungwa kimoja nyuma ya kingine kama watu waliopanga foleni ya kupokezana ndoo za maji. Mmoja akisinzia, ndoo zinasimama. Kivuli cha tawi moja la mwembe, au hata cha kichwa cha mwendeshaji mwenyewe, kikiangukia sehemu ndogo ya paneli kinaweza kuua sehemu kubwa ya umeme wake. Kwa hiyo msafiri huyu ana ugonjwa wa ajabu. Kila msafiri wa baiskeli duniani anatafuta kivuli apumzike. Yeye anatafuta kivuli cha mwili wake na jua la baiskeli yake, na viwe vimekaribiana ili asiibiwe.

Tatu ni upepo. Ukiweka bapa la mita moja na nusu juu ya chombo cha magurudumu mawili, umetweka tanga. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Tofauti ni kwamba nahodha wa jahazi anaweza kutua tanga kukizuka dhoruba, na zamani alikuwa anangoja kaskazi imlete na kusi imrudishe. Huyu wa baiskeli tanga lake hajalitaka, amelazimishwa, na kila lori la mizigo linapompita kwa kasi linamvuta kisha linamsukuma. Katika safari hizi hatari kubwa kuliko zote si nyoka, si majambazi, si theluji. Ni malori. Nitalirudia jambo hili.

Kuhusu wingi wa jua kuna kitu kilichonishangaza. Sisi tunaamini kwamba jua ni letu na Ulaya wanapewa makombo. Kwa mwaka mzima ni kweli. Lakini mwezi Juni mji wa Lyon unapata mwanga wa mchana kwa zaidi ya saa 15, wakati Dar es Salaam haifikishi 12. Ndiyo maana misafara hii inaondoka Juni. Msafiri anaanza kuvuna umeme alfajiri na anavuna mpaka usiku unapoingia, saa ambazo sisi tumeshakula na tunasikiliza taarifa ya habari. Ikifika Desemba mambo yanageuka, Lyon inabaki na mchana wa chini ya saa tisa, jua limeinama kama mzee, na paneli iliyolala bapa haipati kitu. Sisi Desemba tunalo, Juni tunalo, ila masika inapoingia na mawingu. Tena huku kwetu karibu na Ikweta jua la mchana linapita juu ya kichwa, kwa hiyo paneli iliyolazwa bapa juu ya baiskeli au juu ya bati haipotezi mengi. Mungu hakutunyima.

Milima nayo ina hesabu yake. Mtu, baiskeli na mizigo, jumla kilo 130, akipanda mlima wenye kimo cha mita 500, anahitaji zaidi ya wati-saa 200, ukitia na hasara ya mota. Betri za safari nyingi zina wati-saa kama 1,000. Yaani mlima mmoja wa namna hiyo unameza zaidi ya moja ya tano ya betri. Anayeijua Kitonga, pale basi linapokohoa na abiria wanaanza kusali, ajaribu kufikiri akiwa juu ya baiskeli. Baadhi ya mota zinaweza kurudisha umeme kwenye betri wakati wa kuteremka, lakini kinachorudi ni kidogo, kama chenji ya daladala. Usiitegemee.

Nimesema sana juu ya Wafaransa na Wabelgiji. Sasa tuje huku. Mwaka 2024 pikipiki ya umeme inayotengenezwa Nairobi na kampuni ya Roam iliondoka Nairobi ikapita Tanzania, Zambia na Botswana hadi Stellenbosch, Afrika Kusini. Safari ya karibu kilomita 6,000, ikafanywa kwa wiki mbili na siku kadhaa, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch. Umeme wote ulitoka kwenye jua. Lakini sikilizeni walivyofanya, maana hapa ndipo penye funzo kwetu kuliko kule Guangzhou. Hawakuweka paa la paneli juu ya pikipiki. Paneli zilibebwa na magari yaliyofuatana nayo, zikatandazwa pembeni mwa njia kama mtu anavyoanika mpunga, zikajaza betri. Betri moja ikiisha inatolewa, nyingine inaingizwa, safari inaendelea.

Kwa nini hawakuweka paneli juu? Kwa sababu hesabu inakataa. Pikipiki ya umeme inakula kama wati-saa 35 kwa kilomita, mara tatu ya baiskeli na zaidi. Kijana wa bodaboda anayezunguka kilomita 120 kwa siku anahitaji yuniti nne na ziada. Kupata hizo kwa jua anahitaji paneli za kilowati moja, na hizo ni mita tano za mraba, eneo la bati mbili hivi za kuezekea. Bati mbili huwezi kuzipandisha juu ya pikipiki ukapita nazo Manzese. Unaziweka juu ya kibanda.

Na hapa, ndugu wasikilizaji, nataka niseme maoni yangu bila kuzunguka. Nimesikia pande mbili. Upande mmoja unasema haya ni mambo ya Wazungu waliostaafu, wenye fedha na muda, wanaotafuta picha nzuri. Upande wa pili unashangilia tu, unasema kesho kila kijiji kitakuwa na baiskeli ya jua. Mimi sikubaliani na yeyote. Baiskeli yenye paneli kichwani ni chombo cha msafiri asiyerudi alikotoka. Yeye kila siku analala mahali pengine, hana budi kubeba kisima chake mgongoni. Lakini mganga wa zahanati anayezungukia vitongoji vitano, bwana shamba, mama anayechukua samaki mwaloni kupeleka gulioni, hawa wote jioni wanarudi pale pale. Wao hawana haja ya kubeba kisima. Kisima kikae nyumbani, juu ya bati, kisipigwe na upepo, kisivunjwe na lori, na wao wabebe ndoo, yaani betri.

Tena zipo paneli ambazo tayari ziko juu ya mabati zinakaa bure sehemu ya mchana. Zahanati nyingi na shule nyingi vijijini zimefungiwa umeme wa jua kwa ajili ya taa, friji ya chanjo, simu na kompyuta. Mafundi waliozifunga wamepima kwa kufikiria siku mbaya, siku ya mawingu, na wamefanya vyema. Maana yake ni kwamba siku njema, ikifika saa saba mchana betri zake zimejaa, na kile kisanduku cha kudhibiti chaji kinafunga mlango. Kuanzia hapo mpaka jua lizame, mwanga unapiga paneli na umeme haupokelewi na mtu. Hakuna aliyeuiba. Umekosa tu pa kwenda. Betri ya baiskeli ingekuwa imechomekwa pale saa saba, ingelamba makombo hayo, na muuguzi asubuhi ya kesho angekuwa na kilomita 40 au 60 mfukoni bila kugusa umeme wa friji ya chanjo. Sisemi mtu achomeke ovyo. Waya upitie kwa fundi, na chanjo itangulie daima.

Mtu wa umri wangu anakumbuka dainamo. Baba yangu alikuwa na Phoenix, na ubavuni mwa gurudumu la nyuma palikuwa na kichupa kinachojisugua kwenye tairi kuwasha taa. Ukinyonga kwa nguvu, taa inang'aa. Ukichoka, inafifia. Ukisimama, giza. Taa ile ilikuwa haikopeshi. Betri ndiyo iliyoleta kukopa na kulipa, na betri hizi za lithiamu zimekuwa madukani tangu mwaka 1991, zilipoanza na kamera na simu. Waliozivumbua walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019. Bila betri hizo safari ya Guangzhou isingekuwepo. Betri za asidi, zile za gari, kwa umeme ule ule zingekuwa na uzito wa gunia dogo la mchele.

Lakini betri ya lithiamu si mtoto wa kuchezewa. Ikipigwa, ikilowana ndani, au ikichajiwa kwa chaja isiyo yake, inaweza kuwaka moto ambao ndoo ya maji haiuzimi upesi. Ndege za abiria haziruhusu mtu kupanda na betri inayozidi wati-saa 160, na ya baiskeli ni mara sita yake. Hao waliofika Guangzhou hawakuweza kuikunja betri mfukoni wakarudi nayo Ulaya kwa ndege. Mimi ningeomba kila anayeileta nyumbani asiichaji chumbani wanapolala watoto, wala mlangoni, pale pekee pa kukimbilia.

Nilikwenda Buguruni kumwona fundi baiskeli mmoja, mtu mzima, anafanya kazi chini ya mwarobaini kwa zaidi ya miaka thelathini. Nikamwonyesha picha za baiskeli hizi. Akazitazama kwa muda mrefu, akacheka rimu, akasifu spoku. Kisha akaniuliza, "Mtangazaji, hiki kisanduku kikiharibika, nakifungua kwa spana namba ngapi?" Nikamwambia hakifunguliwi kwa spana. Akanirudishia picha. "Basi mwanangu, hii si baiskeli. Baiskeli ni kitu ambacho kikiharibika Kibaigwa kinapona Kibaigwa."

Nimelifikiria sana jibu lake. Wasafiri wa Sun Trip wengi wao wameunda vyombo vyao kwa mikono yao, na hata hivyo wamepata kukwama njiani kwa waya uliokatika au mota iliyolowa. Wao wana simu ya kumpigia mtaalamu. Muuguzi wa kitongoji atampigia nani? Kwa hiyo kabla hatujaagiza makontena ya baiskeli za umeme, ningependa kuona mafundi wa chini ya miarobaini wamefundishwa kushika mita ya umeme, kupima betri, kutambua seli iliyokufa na kuibadilisha. Si kazi ya digrii. Kijana aliyeweza kujifunza kutengeneza simu Kariakoo kwa kuangalia, ataijua kwa miezi michache. Mwenye kujifunza haraka ni yule anayejua tayari kwamba gurudumu lililopinda linaua cheni.

Na sasa yale malori. Nimeahidi nitarudi. Tuseme leo kijana wa Kitanzania ameunda baiskeli yake ya jua, anataka kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, kilomita zaidi ya 800. Kwa hesabu tuliyoifanya, siku sita au saba zinamtosha, na Kitonga ampe siku yake peke yake. Umeme si tatizo. Mikumi barabara inapita ndani ya hifadhi kwa kama kilomita 50, pana tembo na simba, lakini hapo anaweza kupakia baiskeli kwenye lori akavushwa, hakuna aibu. Tatizo ni ule mstari mweupe wa pembeni mwa barabara. Upande wa kulia wa mstari ule kuna basi linalofukuza ratiba na lori la shaba kutoka Zambia. Upande wa kushoto, mahali pengi, hakuna lami, kuna changarawe na mtaro. Mwendesha baiskeli anatembea juu ya mstari wenyewe. Baiskeli ya kawaida ikisikia honi inaruka pembeni. Baiskeli yenye paa la mita moja na nusu hairuki.

Ndiyo maana nasema safari ndefu za namna hii kwa sasa tuwaache wanaozitaka, tuwatazame na kujifunza hesabu zao, nao wapewe maji na salamu wakipita kwetu. Faida yetu iko kwenye safari fupi, za kilomita 15 kwenda na 15 kurudi, katika njia za vumbi ambazo malori hayana haja nazo. Bodaboda yenyewe ilianza hivyo. Jina lile lilizaliwa mpakani kati ya Kenya na Uganda, Busia, kwenye miaka ya 1960, na chombo kilichobeba abiria kuvuka mpaka kilikuwa baiskeli.

Ningekuwa na sauti mahali, ningeomba jambo dogo lifanywe kabla ya makubwa. Wilaya moja ichague zahanati mbili zenye umeme wa jua. Kila moja ipewe baiskeli mbili za umeme zisizo na paneli kichwani, tairi nene, keria imara, na betri mbili. Fundi wa hapo kijijini afundishwe kwanza, baiskeli zije baadaye, si kinyume chake. Kisha kwa mwaka mzima, masika na kiangazi, waandike kwenye daftari la kawaida, kila jioni, mambo manne: kilomita walizokwenda, chaji iliyobaki, kilichoharibika, na nani aliyekitengeneza.